Kundi Linganishi

Bosibori alipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Ruth. Mumewe alikuwa dereva wa lori na siku hiyo simu yake haikushika, lakini hata ingeshika, huenda bado angeanzia kwa Ruth. Nyumba zao zilipakana juu ya mgongo wa kilima cha Manga, migomba ya huyu ikiangukia chai ya yule. Waliolewa katika ukoo mmoja, wakajifungua wasichana mwaka mmoja. Wa Ruth aliitwa Bonareri, wa Bosibori aliitwa Nyaboke. Watoto hao walikula sahani moja na kulala kitanda chochote kilichokuwa karibu giza linapowakuta.

"Na hiyo uzamili ni ya kusomea nini?" Ruth aliuliza. Alikuwa amesimama katikati ya majani ya chai, kikapu mgongoni.

"Mtaala na ufundishaji. Unasoma kwa nini mtoto huyu anaelewa na yule haelewi, na mwalimu afanye nini."

"Kwani siku hizi zote ulikuwa hujui?"

Walicheka wote wawili. Kisha Ruth akasema, "Nenda, Mama Nyaboke. Mtoto niachie mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila shule zilipofungwa, Bosibori aliteremka Kisii kwa bodaboda asubuhi, akashinda darasani chuoni, akarudi jioni na kumkuta Nyaboke ameoshwa, amekula, mara nyingine amelala. Chai yake ilipokomaa Ruth aliichuma pamoja na yake na kuipeleka kituoni. Muhula wa pili mvua ilipong'oa mabati ya jiko la Bosibori, aliyesimamia fundi alikuwa Ruth. Hakuwahi kuuliza masomo yataisha lini.

Chuoni walikuwa walimu wa kila aina. Aliyekaa karibu na Bosibori alikuwa Chandni, mwalimu wa shule moja ya kibinafsi mjini, ambaye jamaa zake walikuwa na duka la vitambaa tangu enzi za babu. Chandni aliongea Ekegusii cha sokoni bila kusitasita na alikuwa na tabia ya kuuliza maswali saa ambayo wenzake walikuwa wanakusanya vitabu waondoke.

Siku Daktari Omwenga alipofundisha utafiti wa majaribio, alichora visanduku viwili ubaoni. Kimoja kilikuwa kundi la majaribio, linalofundishwa kwa mbinu mpya. Cha pili kilikuwa kundi linganishi, linaloendelea na mbinu ya kawaida. Mwisho wa mwaka makundi yote mawili yanapewa mtihani mmoja. Tofauti ya alama ndiyo inayokuonyesha kama mbinu yako ina nguvu.

Chandni aliinua mkono. "Hao wa kundi linganishi, utafiti ukiisha wanapewa nini?"

"Wanapewa shukrani, ukurasa wa tatu wa tasnifu," alisema Omwenga, na darasa likacheka. Bosibori naye alicheka.

Omwenga ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wake. Wazo la Bosibori lilimpendeza. Kwa miaka mingi Bosibori alikuwa ameona watoto wa gredi za chini wakiimba kurasa za kitabu cha Kiswahili kwa kukariri, na ukifunika picha kwa mkono wanashindwa kusoma neno hata moja. Nyumbani walizungumza Ekegusii tu. Yeye alitaka kuwaanzisha kwa maneno waliyokuwa nayo mdomoni, engombe yaani ng'ombe, ritoke yaani ndizi, rigena yaani jiwe, wayakate silabi, wasimulie hadithi zao wenyewe, mwalimu aziandike kwa herufi kubwa kwenye kadi za manila, wazisome. Wakishazoea herufi, wavuke kwenda Kiswahili.

Shule yake ilikuwa na madarasa mawili ya Gredi ya Pili. Mashariki alilifundisha yeye, Magharibi alilifundisha Mwalimu Ochoki. Nyaboke alikuwa Mashariki na Bonareri alikuwa Magharibi. Hakuna aliyewapanga hivyo kwa nia yoyote. Waligawanywa walipoingia shuleni na hakuna mzazi aliyewahi kulijali jambo hilo. Mwalimu mkuu, Bwana Ondieki, aliwaita wazazi, akawaambia kwamba Mwalimu Bosibori anasomea shahada kubwa na atalinganisha njia mbili za kufundisha kusoma. Waliokubali wainue mikono. Wote waliinua. Ruth aliinua wa kwanza.

Mwaka ulianza vibaya. Miezi miwili ya kwanza Bosibori alirudi nyumbani akidhani amejiponza. Wa Magharibi walikuwa wanaimba kurasa nzima na wake walikuwa bado wanahangaika na silabi. Kisha, baada ya likizo ya Aprili, kitu kilifunguka. Mtoto mmoja aliyeitwa bubu na kaka zake alisimama akasoma kadi ya hadithi yake mwenyewe, habari ya mbuzi aliyekula kofia ya babu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wiki hiyohiyo walisoma wengine. Ilipofika Juni walikuwa wanasoma kila kilichokuwa mbele yao, vibao vya maduka, karatasi za kufungia sukari, maandishi ya nyuma ya bodaboda. Bosibori alikuwa na miaka kumi na mitatu kazini na hakuwa amewahi kuona darasa zima likisoma. Siku moja alitoka nje, akasimama nyuma ya choo cha walimu na kulia kwa furaha.

Mwalimu Ochoki hakuwa mvivu wala mjinga. Aliwasikia watoto wa Mashariki wakisoma, sauti zikitokea madirishani.

"Nipe hizo kadi," alimwambia Bosibori ofisini. "Au nifundishe namna ya kutengeneza zangu."

"Siwezi, Mwalimu. Subiri mpaka Novemba. Nikikupa sasa hakutakuwa na kitu cha kulinganisha."

"Hawa wangu pia ni watoto."

"Najua. Ni miezi michache tu."

Hata hivyo maneno ya Ochoki yalimkaa moyoni, akampigia Omwenga simu. Omwenga alisikiliza, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mwalimu, ukimpa hizo kadi umechafua data. Itabidi uanze upya mwaka ujao, na mimi sijui kama mwaka ujao nitakuwepo. Funga kabati." Bosibori akanunua kufuli.

Chandni alimwambia kulikuwa na njia nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa amekataa kugawanya watoto. Alilipima darasa lake moja kabla ya mbinu yake na baada yake. "Omwenga ameniambia kazi yangu ni dhaifu," alisema. "Sawa, iwe dhaifu. Itapita." Bosibori alimwona kama mtu aliyezaliwa na duka nyuma yake, mtu anayeweza kumudu kuwa dhaifu. Hakumwambia hivyo.

Ruth naye alikuwa na macho. Jioni moja ya Juni alikuwa anapika uji, watoto wote wawili wakiwa jikoni kwake. Nyaboke alichukua pakiti ya unga na kuisoma yote, jina la unga, uzito, hata onyo la kuuweka pakavu. Ruth akampa Bonareri ile pakiti. Bonareri aliitazama, akaigeuza, akasema jina la unga kwa sababu alilijua kwa rangi. Alipoambiwa asome chini yake aliinamisha kichwa.

Kesho yake Ruth alimngoja Bosibori kwenye kijia cha shule.

"Mama Nyaboke, nihamishie huyu msichana kwako Mashariki."

Watoto wa Magharibi walikuwa wamekwisha kuhesabiwa katika sampuli, majina yao yalikuwa kwa Omwenga. Angeweza kueleza hilo. Angeweza pia kusema ukweli mzima, na Ruth angeuelewa, kwa sababu Ruth hakuwa mtu wa kushindwa kuelewa. Lakini akiuelewa angeuliza swali linalofuata, na Bosibori hakutaka kuulizwa.

"Darasa limejaa," alisema.

Halikuwa limejaa. Mtoto mmoja alikuwa amehamia Keroka na dawati lake lilikuwa wazi.

"Hata akae chini?"

"Bwana Ondieki hatakubali. Mama Bonareri, usiwe na wasiwasi. Watoto hawafunguki siku moja. Atasoma."

Ruth alimtazama kidogo, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye mwalimu." Jumapili iliyofuata Bosibori alipokwenda kuonana na Omwenga, Nyaboke alishinda kwa Ruth kama kawaida.

Mtihani ulifanywa Novemba. Bosibori mwenyewe ndiye aliyewasikiliza watoto mmoja mmoja, wa madarasa yote mawili, ndani ya stoo, chini ya dirisha. Bonareri alipoingia alikaa kwa adabu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza na kukaa kimya. Bosibori alingoja kwa muda uliowekwa. Kanuni ilimkataza kumsaidia. "Asante, Bonareri," alisema, na kuandika sifuri.

Omwenga alipoona matokeo alimshika mkono. "Tofauti kati ya makundi ni kubwa sana," alisema. "Sijaona tofauti kama hii kwa mwanafunzi wangu yeyote. Kazi safi." Njiani kurudi Bosibori aliendelea kuyarudia maneno hayo kichwani, na sehemu kubwa ya safari yalikuwa matamu.

Desemba alitimiza ahadi, akamkabidhi Ochoki kadi zote na ufunguo wa kabati. Ochoki alizipokea. Hazikumsaidia mtu. Januari mwalimu mmoja alistaafu na hakuletwa mwingine, kwa hiyo Mashariki na Magharibi wakaunganishwa kuwa Gredi ya Tatu moja yenye watoto wa kujaza ukumbi, chini ya mwalimu aliyekuwa na vitabu tisa vya kumaliza. Waliojua kusoma walikaa mbele wakasonga. Wasiojua walikaa nyuma. Yeyote aliyepita dirishani angeweza kuchora mstari kati ya Mashariki ya zamani na Magharibi ya zamani. Ochoki aliwarudia baadhi yao saa za chakula, lakini alikuwa amepewa Gredi ya Kwanza, na saa za chakula ni fupi.

Bosibori alikuwa anaandika. Alitetea tasnifu yake mwaka huo, akasifiwa, na mahafali yalipofika alivaa joho. Ruth alikuja na kundi la wanawake wa kanisani, wakaimba hadi sauti zikakauka, na picha ya siku hiyo inawaonyesha wamekumbatiana, kofia ya Bosibori ikiwa kichwani mwa Ruth.

Bwana Ondieki ndiye aliyetaka wazazi waelezwe. Alijivunia mwalimu wake. Katika mkutano wa wazazi wa Februari baada ya mahafali alisimama akasema shule yetu imetoa msomi, na msomi huyo atatuambia aligundua nini. Bosibori alieleza kwa Ekegusii, kwa sababu ndiyo lugha ambayo wote waliielewa. Alieleza vizuri, kueleza ilikuwa kazi yake. Alisema habari ya kadi, hadithi za watoto, darasa la majaribio na darasa la kulinganishia. Akasema kwamba mwisho wa mwaka karibu watoto wote wa Mashariki walisoma, na wa Magharibi wachache sana. Watu walianza kupiga makofi. Makofi yalipokwisha, Ruth alikuwa amesimama.

"Mwalimu," alisema. Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Nataka kuelewa. Hiyo njia mpya, ulijua lini kwamba inashinda?"

"Katika utafiti mtu hajui mpaka alama zipatikane na zichanganuliwe..."

"Sikuulizi habari za alama. Nyaboke alinisomea pakiti ya unga jikoni kwangu mwezi wa sita. Mimi nisiyesoma nilijua. Wewe hukujua?"

Ruth akasogea mbele hatua moja.

"Kesho yake nilikuja kwako njiani. Waambie wazazi nilikuomba nini."

"Uliniomba nimhamishe Bonareri."

"Nawe uliniambia nini?"

"Nilikwambia darasa limejaa."

Bwana Ondieki aliinuka. "Mama, hayo ni mambo ya ofisini, tutakaa chini tuyazungumze..."

"Yaya, hapana," Ruth alimkatalia bila kumtazama. "Namuuliza mwalimu. Lilikuwa limejaa?"

Bosibori alisema, "Halikuwa limejaa."

Ruth alikaa. Wengine ndio waliosema. Baba mmoja wa nyuma alisema mtoto wake alikuwa Magharibi. Mama mwingine akasema wake pia, na kwamba baba yake amekuwa akimchapa kwa kutojua kusoma. Ondieki aliwakumbusha kwamba walikubali, waliinua mikono. "Tuliambiwa mnalinganisha njia," yule baba alijibu. "Mtoto wangu hakuwa njia." Mkutano ulivunjika bila sala.

Ofisini Ochoki alikuwa anafunga mkoba wake. Bosibori alimwambia, "Si hata wewe ungesema kitu."

"Ningesema nini?"

"Kwamba ndivyo utafiti unavyofanywa."

Ochoki alifikiri. "Ungenipa zile kadi mwezi wa sita," aliuliza, "ungekosa shahada?"

"Ningekosa tasnifu ile. Ningeandika nyingine."

"Kumbe." Akauchukua mkoba akaondoka.

Jioni hiyo Bosibori alipita katikati ya migomba hadi kwa Ruth. Alimkuta mlangoni anachambua chinsaga. Ruth hakumkaribisha na hakumfukuza.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusikia."

"Nilifungwa mikono, Ruth. Msimamizi wangu..."

"Huyo simjui. Sijawahi kumlelea mtoto." Ruth aliendelea kuchambua mboga. "Ungeniambia tu. Ungesema, Mama Bonareri, siwezi kumhamisha lakini chukua hizi kadi zangu, mkae nazo jioni na Nyaboke. Nani angejua? Huyo daktari angekuja kuangalia jikoni kwangu?"

Bosibori hakuwa amewahi kuliwaza hilo. Aligundua, akiwa amesimama pale, kwamba mwaka mzima hakuwa amewahi hata mara moja kutafuta njia ya kumpa Bonareri kitu. Alikuwa ametafuta tu njia za kutomwangalia.

"Niache nimfundishe," alisema. "Kila Jumapili. Nitaanza naye mwanzo kabisa."

Ruth alichambua hadi chinsaga ikaisha, Bosibori akadhani amekataliwa. "Atakuja," alisema hatimaye. "Anahitaji kusoma. Hilo haliniruhusu kukasirika ninavyotaka."

Jumapili Bonareri alikuja. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, amekibeba kichwani, na chupa ya uji. Bosibori alipomwekea kiti alisema ameambiwa akae kwenye chake. Alipoandaliwa chai alisema ameambiwa anywe uji wake. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtoto anayefikisha ujumbe aliotumwa. Nyaboke alileta sahani mbili za viazi vitamu, akabaki ameshika ya pili hadi akajua hakuna atakayeichukua.

Walianza na engombe. Bonareri alikuwa sasa anakaribia miaka kumi na alizionea aibu zile kadi za watoto wadogo, zilizoazimwa kutoka kwa Ochoki, kwa hiyo Bosibori akaandika nyingine. Alimwomba asimulie hadithi yoyote aiandike, kama walivyofanya wale wa Mashariki. Bonareri alisema hana hadithi. Jumapili kadhaa zilipita hivyo. Mwishowe Bosibori alitunga yeye mwenyewe hadithi za watu asiowajua, na Bonareri akazisoma silabi kwa silabi, kwa sauti iliyonyooka, kama mtu anayehesabu magunia ya mwingine.

Shahada haikumpandisha Bosibori cheo. Alikwenda kwenye mahojiano mara mbili, akaambiwa angoje. Omwenga alihamia chuo kingine na kutoka huko akamwandikia kwamba ameitumia ile data katika makala, jina lake likiwa la pili. Chandni alimpigia simu mara moja kumpa pole, alikuwa amesikia. Hakusema kwamba alimwonya, na Bosibori alitamani angesema. Shuleni wazazi walimsalimu. Waliokuwa na watoto Magharibi walimsalimu na kuendelea kutembea.

Ruth hakurudi kumkosesha amani. Chai yake aliichuma, ya Bosibori ikakomaa na kupitiliza hadi Bosibori alipoajiri mtu. Walipokutana kanisani walishikana mikono. Ungewaona ungedhani ni majirani wanaoishi vizuri.

Ilichukua karibu mwaka. Jumapili moja mvua ikinyesha, Bonareri alisoma ukurasa mzima wa kitabu cha Kiswahili ambacho hakuwa amekiona kabla, kisha ukurasa wa pili, akifuata kwa kidole, halafu bila kidole. Akafika mwisho wa hadithi. Hakuwa amekwama hata mara moja. Bosibori alijisahau. Alipiga makofi, akacheka, machozi yakamtoka, akanyoosha mikono amkumbatie kama alivyowahi kuwakumbatia wale wengine.

Bonareri alirudi nyuma kidogo. "Nimemaliza?" aliuliza.

"Umemaliza, mwanangu. Umesoma yote."

"Kwa hiyo Jumapili ijayo nisije?"

Bosibori alijaribu kumwambia kuna vitabu vingine, vizuri zaidi, vya hadithi ndefu, anaweza kuja tu kusoma, wasome na Nyaboke. Bonareri alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima. Kisha akasema, "Asante, Mwalimu," akaweka kigoda kichwani kujikinga na mvua, na kuteremka kwenye migomba. Nyaboke alimkimbilia hadi mwisho wa ua akimwita. Bonareri alisimama, wakaongea kidogo, Bosibori hakusikia nini. Halafu Nyaboke akarudi peke yake, amelowa, akapita mbele ya mama yake bila kumtazama, na kuingia chumbani.